Kadi ya argent, nafasi moja

Tangu nirudi, kila mama anayesimama mbele ya meza yangu sokoni anashika nguo ya mutoto kama anataka kununua, kisha anauliza: "Mama Asifiwe, ile kadi inatoaka nini kweli?" Halafu anashusha sauti: "Na mutoto, ulimutoa namna gani?" Nimejibu mpaka mate yamekauka. Sasa naandika mara moja, napitisha kwenye groupe yetu ya simu, na atakayeniuliza tena nitamwambia asome.

Nianze na kadi, kwa sababu bila kadi hamutaelewa hasira yangu. Munajua nauza nguo za watoto. Meza yangu ilipoporwa, nilianza tena kutoka chini, na katika mwaka mumoja nilivuka bahari mara nne kutafuta nguo, kila mara na kampuni moja ya ndege. Baada ya safari ya nne waliniandikia kwenye simu: hongera, umepanda daraja, wewe sasa ni argent. Rangi ya fedha. Juu yake kuna dhahabu, na juu ya dhahabu kuna nyingine ya wakubwa. Argent ndiyo ngazi ya kwanza kutoka chini, pale unapofuta matope kwenye viatu. Lakini ilikuwa na orodha ya faida, na mimi nikaisoma kama mutu anavyosoma karatasi ya ndani ya dawa, mustari kwa mustari, nikitaka kujua kila kimoja kinafanya nini.

Asifiwe ni mutoto wangu, ana miaka sita. Mapigano yalipokaribia Goma, Shangazi Odette, dada mukubwa wa baba yake, alimuchukua kwenda naye Kinshasa. Ilikuwa kwa wiki mbili. Kisha uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa, na wiki mbili zikapita mwaka. Baba yake anaendesha lori upande wa Beni, naye pia tunamuona kwenye simu tu. Siku moja Odette akanipigia, akasema amemuandikisha mutoto mwaka wa pili wa primaire, "acha asome huku, huko kwenu hakujatulia." Sikubishana. Nilikata simu, nikakata tiketi. Yangu ya kwenda na kurudi, na moja ya mutoto ya kurudi. Mambo ya karatasi nayaruka, nyote munayajua na yanatia usingizi.

Mapendo: kilo zangu, kilo za wote

Kosa la kwanza nilifanya mwenyewe. Kadi inakupa muzigo mumoja zaidi ya ule wa kila mutu, kilo ishirini na tatu bure. Nilikuwa nimepanga: begi moja nguo zangu, la pili liende tupu, lirudi na vitu vya Asifiwe. Lakini Jumapili, baada ya misa, nikataka kidogo kujisifu. Nikasema mbele ya mamas wa groupe yetu kwamba mimi kampuni inanibebea begi la pili bila kulipa.

Kesho yake asubuhi Mama Kahindo, présidente wetu, alifika kwangu, mutaa wetu wa Mapendo hapa Goma, na ile mizani yake ya kupimia maharagi. Nyuma yake mamas saba, kila mumoja na mufuko. Munajua jinsi ilivyo siku hizi kwetu. Mutu akisafiri, hasafiri peke yake. Kila nyumba iko na mutu wake Kinshasa ambaye hajaonja kitu cha kwetu siku nyingi.

"Mama Kahindo," nikasema, "ile kadi iko na jina yangu."

"Na ile jina yako, ni nani alikupatia? Si ni sisi tulikuita Mama Asifiwe?" Tayari alikuwa ametundika mizani kwenye mulango wangu. "Kwani wewe utavaa kilo makumi mbili na tatu?"

"Nitavaa."

"Utavaa jibini pia?"

Wakacheka. Mama mumoja akauliza kama ndege inaweza kusubiri mutu wa kadi akichelewa, mwingine akamjibu kwamba inasubiri dakika kumi, lakini lazima upige simu. Nilikuwa na hasira ya kweli, na bado sikuwafukuza. Wakagawa kilo zangu kama ardhi ya marehemu. Wa kwanza alikuwa Mama Kahindo mwenyewe: maharagi na jibini moja nzima ya Masisi kwa mudogo wake, Papa Justin, anayekaa Masina, karibu na uwanja wa ndege wa Kinshasa. Wengine sambaza kavu, wale samaki wadogo wa ziwa, unga wa muhogo, na kitenge cha harusi. Mizani ilipofika ishirini na tatu, Mama Kahindo akafunga begi kwa kamba na kuandika namba za simu kwenye karatasi ya kitabu cha hesabu cha mwanawe.

"Papa Justin umupigie wa kwanza," akasema. "Jibini haipendi kuchelewa."

Mwenye chukudu alibeba mabegi mawili juu ya ile baiskeli yake ya mbao mpaka stasheni ya magari, na mimi nikatembea nyuma nikiyatazama kama mugeni.

Bunagana: kadi haipiti

Mutauliza kwa nini nilipitia Bunagana, mupaka wa Uganda, wakati Kigali ni karibu. Ndege ya kampuni yangu inaondokea Entebbe, na kadi ni ya kampuni. Nilitaka kuitumia hadi mwisho, nione.

Tuliondoka asubuhi, watu watano nyuma ya gari ndogo. Baada ya Kibumba, kabla ya Rugari, lori la makaa lilikuwa limelala katikati ya barabara kama mutu aliyekasirika. Masaa manne. Wanaume walishuka kutoa mashauri, hakuna aliyesukuma. Mama mumoja wa pale alitoka na viazi vya kuchoma na chumvi ndani ya jani, tukanunua wote, na mimi nikala vitatu nikifikiri: kama ningekuwa nimemuacha Asifiwe na mama huyu, badala ya Odette, angekuwa angalau anajua viazi.

Kwenye barrière moja ya kukagua magari, kijana mwenye kushika kamba alifungua begi la pili. Akanusa.

"Mama, huu ni muzigo ya nani?"

"Wa watu. Lakini uko kwa kadi yangu, ni prioritaire, unapita mbele."

Akaichukua kadi, akaigeuza mbele, akaigeuza nyuma, akaikwaruza kwa ukucha kuona kama rangi inatoka. "Hii inapitisha nini hapa?"

"Hapa haipitishi kitu."

"Sawa basi." Akanirudishia kwa mikono miwili, kwa heshima, akakata kipande cha jibini cha ukubwa wa kidole gumba. Jibini ya Mama Kahindo ilifika Kinshasa na jeraha, na sasa anajua ni nani.

Ng'ambo ya mupaka nilipanda basi ya Kampala. Safari ya siku nzima. Katika kijiji kimoja waliuza chapati iliyoviringishwa na mayai na nyanya. Mwanamke aliyekaa karibu nami alinieleza kwa Kiganda, kwa mikono, kwamba mutoto wake ni munene. Nikamwonyesha picha ya Asifiwe kwenye simu. Akauliza kitu. Nilifikiri anauliza yuko wapi, nikaonyesha kwa mukono, mbali, magharibi. Akanishika bega na akaanza kuomba, macho yamefungwa. Alielewa kwamba mutoto amekufa. Nilikosa namna ya kumurekebisha, nikasema amina pamoja naye.

Entebbe: zulia

Hapa kadi ikaanza kufanya kazi, na nakiri ilinifurahisha.

Kuna mustari mumoja murefu wa watu wote, na pembeni kuna mwingine mufupi wenye kipande cha zulia chini, labda hatua tatu. Nikasimama kwenye zulia na mabegi yangu yaliyofungwa kwa kamba. Baba mumoja wa mustari murefu akaniambia kwa upole, "Mama, huku ndiyo kwetu." Nikamwonyesha kadi. Akaitazama kadi, akatazama kamba. Yule binti wa kampuni alinisalimu kwa jina, akapima begi la pili, kilo ishirini na tatu kamili, na akauliza kama ni mimi mwenyewe nililifunga. Nikasema lilifungwa na présidente. Hapo ilibidi kufungua, na watu wa mustari murefu wakaona sambaza zote za Mapendo. Kwa hiyo, kwa wale wanaouliza: zulia lipo, ni zulia la kawaida, na mustari mufupi haukumalizika haraka, kwa sababu yangu.

Swali lililokuwa linanisumbua toka Goma ni salon, kile chumba cha kupumzikia chenye chakula. Kwenye orodha ya faida sikukiona, lakini sikuona pia kwamba nimekatazwa. Nikaenda. Binti wa mulangoni akasema, "Madame, argent haiingii. Ni kuanzia dhahabu."

"Naweza tu kuchungulia?"

"Kuchungulia hakuna kwenye système."

Nyuma yangu muzee mumoja akacheka. Kofia ya kushonwa, kanzu ya kijivu, raba za michezo miguuni. Akaniuliza kwa Kiswahili cha kwetu: "We ni wa Goma, sehemu gani?" Nikamwambia Mapendo. Yeye alizaliwa Murara, palepale Goma, baba yake alitoka Maniema na biashara ya vitambaa, sasa yeye anazunguka na simu na vipuri. Muzee Ramazani. Kadi yake ilikuwa ya dhahabu, imepinda pembe.

"Huyu ni mugeni wangu," akamwambia binti. "Mumoja naruhusiwa."

Basi niliingia. Munataka kujua kuna nini? Viti vya ngozi, mwanaume mumoja amelala kinywa wazi na viatu mbali naye, na chakula kwenye sufuria za chuma. Nilichukua supu ya maharagi. Haikuwa na chumvi. Muzee Ramazani akasema miaka yote hiyo haijawahi kuwa na chumvi, yeye anatembea na yake, akatoa karatasi ndogo mufukoni, akaninyunyizia.

Nikamuuliza: "Muzee, wewe kadi yako inamuingiza mutu. Ya kwangu, nikiwa na mutoto wangu, itamuingiza?"

"Wapi. Yako inakuangalia wewe tu. Ukiwa na bibi, na watoto, na mama mukwe, yenyewe inaona mutu mumoja." Akapiga supu kidogo. "Mimi bibi yangu alikatala kusafiri na mimi tena. Nilikuwa naitwa mbele, yeye anabaki nyuma na mizigo. Mara ya tatu akasema, Ramazani, oa ile kadi."

Nilicheka hadi nikamwaga supu. Sikujua kwamba ananiambia habari yangu.

Kwenye ndege argent wanaitwa mapema. Faida ya kuingia mapema, niwaambie ukweli, ni kukaa muda murefu ukitazama wengine wanavyoingia na kukugonga kichwa na mikoba yao. Ndege ilichelewa saa moja na nusu, na mimi niliikaa yote. Kule tulikobadilisha ndege sikutaji, kwa sababu nikitaja mutajua kampuni, na mimi sitaki kesi.

Kinshasa: mama ya simu

Mabegi ya watu wa kadi yanafungwa karatasi ya rangi ili yatoke ya kwanza. Langu la nguo lilitoka la tano. La jibini lilitoka la mwisho kabisa, watu wameshaondoka, liko peke yake linazunguka na harufu yake. Nikampigia Papa Justin. Alikuwa nje tayari, mwanaume mufupi mwenye shati ya kazi ya umeme. Alipoona jibini aliiweka kwenye kifua kama mutoto muchanga, hakuuliza hata habari ya dada yake. Kisha akaona jeraha.

"Ni barrière," nikamwambia.

"Walikata ndogo. Wametuheshimu." Akanipatia namba yake ya pili. "Mama, kitu chochote, mimi niko dakika kumi na hapa. Chochote."

Nikaondoka kwenda Lemba, kwa Odette.

Nilikuwa nimetengeneza maneno njia nzima. Kwenye basi ya Kampala niliyarudia mpaka yakawa makali. Mulango ukafunguliwa na mutoto murefu, nywele zimesukwa vizuri kuliko nilivyowahi kumusuka mimi. Alinitazama. Akageuka ndani, akaita kwa sauti kubwa, bila ubaya wowote:

"Shangazi, mama ya simu amefika."

Yale maneno yangu yote yalikwisha.

Sitasema Odette ni mubaya, ingawa nilikuja nikitaka kusema hivyo. Mutoto alikuwa safi, anasoma, anajua kuhesabu mpaka mia kwa Kifaransa. Alipopata surua ni Odette aliyekaa naye wiki mbili bila kulala. Mezani waliweka samaki na kwanga ya muhogo, na sombe, yale majani ya muhogo, yenye mafuta ya mawese. Nikasema, "Sombe yenu ni tamu." Asifiwe akanisahihisha kwa Kilingala: "Ni pondu." Nikala pondu.

Alipotoka kucheza uani, tuliongea.

"Nimekuja kumuchukua," nikasema.

"Nimejua. Ila nikuulize." Kadi yangu ilikuwa mezani, nilikuwa nimeitoa mufukoni pamoja na funguo. Odette akaisukuma kwa kidole. "Mudogo wangu, baba ya Asifiwe, aliniambia ulipata kadi. Hii, ili wakupatie, unapandaka ndege mara ngapi?"

Nikavuta funguo zangu karibu.

"Mara nne, aliniambia. Mara nne umeruka juu ya kichwa ya huyu mutoto kwenda kununua suruali za watoto ya watu. Haukuona hata mara moja ya kushuka hapa."

Nikamwambia niliporwa. Nikamwambia nilianza na zero, na kwamba kama singeenda, leo nisingekuwa na kitu cha kumurudishia mutoto. Yote ni kweli. Lakini kadi ilikuwa pale mezani, na kwa mara ya kwanza niliona ni nini kwa kweli: karatasi ngumu inayothibitisha kwamba nilikuwa mahali pengine. Nilikasirika na Odette kwa sababu alikuwa na haki ya kusema, na hiyo ndiyo hasira mbaya kuliko zote.

"Mutoto hajui kama utakaa naye," akasema. "Akikuona umepotea tena, mimi njo nitamubembeleza."

Ndjili: kwenye kaunta

Baada ya siku nne Odette mwenyewe alitusindikiza Ndjili, uwanja wa ndege. Asifiwe alikuwa amekubali kuja "kuona volcan", ule mulima wetu wa moto, kama mutu anayekubali kwenda kutembea. Begi la pili nalo lilikuwa limejaa tena. Watu wa Kinshasa waliopokea walituma majibu: vitambaa, samaki wa kuvuta moshi, viatu vya shule. Nilisimama kwenye zulia, maana zulia lipo hata huko.

Binti wa kaunta alipiga kompyuta, akapiga tena, akamwita mukubwa wake, mwanaume mwenye tai. Wakaongea Kilingala kichwa kwa kichwa. Kisha yule bwana akanitabasamia.

"Mama, leo walituletea ndege ndogo. Watu wamezidi viti. Lakini wewe ni argent, kwa hiyo kwenye listi ya kusubiri unapita mbele ya wengine. Kuna nafasi moja. Ni yako."

"Na mutoto?"

"Mutoto hana kadi."

"Ana miaka sita. Kadi ya nini?"

"Njo maana yuko kwenye listi ya kawaida, namba kumi na moja." Hakuwa mubaya, alikuwa anaeleza tu. "Haina shida. Siku tatu mbele kuna ndege kubwa. Mutoto anabaki na familia, tutamusafirisha na mufanyakazi wetu, utamupokea Entebbe. Ni huduma nzuri sana."

Odette akaweka mukono juu ya bega la Asifiwe. "Panda," akaniambia, taratibu. "Mimi nitabaki naye. Siku tatu si kitu."

Wiki mbili nazo hazikuwa kitu. Nilijua kabisa itakavyokuwa: atarudi Lemba, atalala kwenye kitanda chake, na siku ya tatu atasema hataki kuona volcan. Hakuna mufanyakazi wa kampuni atakayemuvuta mutoto anayelia. Na mimi nitakuwa Entebbe tayari, mutu wa kadi aliyeitwa wa kwanza.

Nyuma yangu watu walianza kunung'unika. Mama mumoja akasema kwa Kifaransa, "Yeye amepata na bado anafikiri." Ni kweli, ilikuwa faida kubwa kuliko zote za ile orodha. Kuna watu walilala pale wakiitafuta.

"Nikikataa inakuwaje?" nikauliza. Nilitaka kweli kujua.

Yule bwana akashangaa. Nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza. "Ukikataa, kadi imeshafanya kazi yake kwa leo. Unarudi mwisho wa listi."

"Namba ngapi?"

Akatazama. "Kumi na tisa."

"Andika kumi na tisa. Na huyu wa kumi na moja muweke kumi na nane, ili tukae pamoja."

"Mama, haiko hivyo ..."

"Papa, andika."

Akaandika. Nafasi yangu ikapewa yule mama wa Kifaransa, akapita mbio bila kunitazama. Asifiwe alikuwa ameangalia yote, anatafuna kamba ya begi. Akamuuliza Odette, si mimi: "Mama ya simu haendi?"

Odette akamuinamia. "Amekatala," akasema.

Ndege iliondoka bila sisi wawili, tukaandikwa kwenye ile kubwa ya siku tatu mbele, na Odette alitaka turudi kwake, alisema kwa roho nzuri. Nikakataa pia. Kama tungerudi Lemba, singemutoa tena mutoto pale. Sikumuficha, nilimwambia hivyo hivyo usoni. Akafungua mukoba wake, akanipatia dawa ya kikohozi ya Asifiwe na kitana chake cha kusukia. Akaondoka kwa miguu mpaka barabara, hakugeuka.

Nikampigia Papa Justin. Dakika kumi alisema, alifika kwa nane.

Masina: jibini

Siku tatu tulikaa kwa Papa Justin na bibi yake, kwenye vyumba viwili na watoto wao wanne. Hakuniuliza nilifanya nini na kadi. Alisema tu jibini bado ipo nusu, kwa hiyo tumefika kwa wakati.

Asifiwe siku ya kwanza alikaa mulangoni na viatu miguuni, anasubiri arudishwe. Sikumubembeleza. Sikujua namna, na niliogopa kukosea. Nilikaa naye mulangoni, na mimi viatu miguuni. Siku ya pili bibi ya Papa Justin alipika yale maharagi ya Mama Kahindo, akakata jibini juu yake. Asifiwe alikula, akasimamisha kijiko.

"Hii kuna siku nilikula."

"Ulikula siku nyingi."

"Wapi?"

"Kwetu. Ulikuwa unaipenda na chumvi juu."

Akafikiri. Akaomba chumvi. Siku ya tatu alinipa kitana, akakaa chini mbele yangu na kunigeuzia kichwa. Nilisuka vibaya. Watoto wa Papa Justin walimucheka, naye akawaambia kwamba mama ya simu bado anajifunza.

Kurudi

Ndege kubwa ilikuja kweli. Tuliitwa: argent kwanza. Nilimushika mutoto mukono, binti wa mulangoni akafungua kinywa, akanitazama usoni, akakifunga. Tukapita wote wawili. Ndani, Asifiwe akaniomba kadi, akaitumia kama kioo, kama sahani ya mudoli, mwisho akawa anajikuna nayo pale mbu alipomuuma muguuni. Hiyo haikuwa kwenye orodha.

Basi ya Kampala tena, chapati tena, alikula mbili. Alilala begani kwangu kutoka Kabale mpaka Kisoro, na mukono wangu ulikufa ganzi, nikauacha ufe.

Bunagana tulifika mchana, vumbi na malori. Askari aliyekuwa kwenye kamba alikuwa mwingine, mwenye macho makali. Alitutazama, mimi mufupi mweusi, mutoto murefu anayeongea Kilingala na mudoli wake. Siku hizi watoto wanapitishwa na watu wasiojulikana, kwa hiyo alikuwa na haki. Aliniambia ninyamaze. Akachuchumaa mbele ya Asifiwe.

"Mutoto, huyu ni nani?"

Nilinyamaza kama alivyoniambia. Atanielewa yule aliyewahi kusimama pale.

Asifiwe akanitazama kutoka viatu mpaka kitambaa cha kichwa, kama ananipima.

"Ni mama," akasema.

"Mama yako? Unajua namna gani?"

"Walimupatia kiti mu ndege," akasema Asifiwe. "Akakatala, ju ilikuwa moja."

Yule askari akasimama, akashusha kamba, na tukapita na mabegi yetu yote mawili.